Anayewasomea Marehemu wa Gwajilo

Saa tatu na nusu asubuhi, Eudelia Cantú amebana simu kati ya bega na sikio. Mkono mmoja umeshika kikombe cha kahawa, wa pili unasukuma dirisha la chumba cha matangazo ili joto la jana litoke kabla la leo halijaingia. Upande wa pili wa simu mwanamke analia na kufoka kwa pumzi moja.

"Wewe Eudelia, umemfanya nini baba yangu?"

"Nelda, mdogo wangu, pole…"

"Usiniite mdogo wako! Mzee kakusikiliza miaka yote hii. Chakula cha mchana kilipoa mezani kwa ajili yako. Halafu siku anayokufa yeye, unamsoma kama mtu wa kupita?"

Eudelia anaweka kikombe mezani. Hajitetei. Analijua kosa, na anajua lilitendeka wapi: jana mchana, hewani, katika neno moja tu.

"Ni kweli," anasema. "Sikuuliza."

"Na leo tunamzika saa nane!"

"Basi bado kuna tangazo la mchana. Nipe nafasi hiyo."

Simu inakatwa.

Neno lenyewe ni jina la mji. Huandikwa Guajillo. Ni jina la kichaka chenye miiba na maua meupe, kinachofunika nchi hii kavu ya kusini mwa Texas, na nyuki wanaokula humo hutoa asali ambayo wenyeji wataapa mbele ya padri kwamba haina mfano. Wenye Kihispania, walioupa mji jina, husema Wahiyo. Wenye Kiingereza walipofika walilitazama jina, wakalisoma kwa macho yao, wakasema Gwajilo. Wale wa mashamba ya ng'ombe, wasio na muda wa kupoteza, wakalikata mkia likawa Gwajila.

Si hapa tu. Jimbo zima limejaa majina ya namna hii. Mji unaoandikwa Refugio, watu wake huuita Refyurio, na hiyo r ya katikati kila mtu ana hadithi yake ya ilikotoka. Llano ni Lano. Manchaca ni Manshaki. Mgeni akiyatamka kama Mhispania wa vitabuni, hata muuza mafuta atajua huyu kashuka leo.

Wala si Wazungu peke yao. Familia zenye asili ya Meksiko, ambazo ndizo nyingi mjini, zina ndimi mbili na jina kwa kila ulimi. Wakiwa kwenye Kiingereza, nao ni Gwajilo. Wakigeukia Kihispania, ni Wahiyo. Huweza kuvuka mpaka huo mara tatu wakiagiza sahani moja ya maharagwe, wasijikwae. Ijumaa ya mpira, "Gwajilo!" hutoka uwanjani vifuani mwa mabibi waliotoka kusali rozari kwa Kihispania. Mtu anayeita hayo makosa hajakaa akayasikiliza. Ni ngoma yenye mapigo mawili, na mji mzima unajua kuicheza.

Anayeicheza vizuri kuliko wote ni Eudelia.

Ana miaka sitini na mmoja, ni mjane, na huu ni mwaka wake wa ishirini na saba wa kusoma matangazo ya vifo katika redio ndogo ya mji, jengo la matofali lililobanana na duka la chakula cha mifugo. Kila siku saa sita mchana, baada ya bei za ng'ombe na kabla ya muziki wa akodioni, Gwajilo hunyamaza. Madereva husogea kando ya barabara. Kinyozi huinua mkasi, mteja akabaki na kichwa nusu. Eudelia husoma kwa Kiingereza, kisha kwa Kihispania: jina la marehemu, umri, aliowaacha, saa ya misa, na mwisho kabisa, kwao.

Hapo kwenye kwao ndipo penye kazi. Kabla ya kusoma, Eudelia huwapigia simu wafiwa. Akishatoa pole huuliza swali moja: "Alikuwa anasemaje?"

Haulizi jina sahihi ni lipi. Anauliza marehemu alilitamkaje. Akishaambiwa atalisoma hivyo hivyo, kwa lugha zote mbili, hata kama shingo zitageuka. Hakuna aliyempa sheria hiyo. Aliitunga mwenyewe, mji ukaifanya mila, na leo kuna wazee wanaowausia watoto wao jambo hilo pamoja na rangi ya jeneza.

Kuna mchana mmoja wa Februari alisoma watatu mfululizo. Mfugaji wa Kizungu, wa Gwajila. Fundi cherehani Ofilia Barrientos, wa Wahiyo. Mwalimu mstaafu wa hesabu, wa Gwajilo. Watu watatu, mji mmoja, makaburi yanayopakana.

"Mtu akifa anaacha nyumba, anaacha nguo, anaacha watoto wanaogombea nyumba na nguo," anasema Eudelia. "Ulimi haachi. Anakwenda nao. Mimi nauazima dakika moja kabla hajafukiwa."

Kazi hii haimtajirishi. Redio humlipa kwa saa, na saa zenyewe ni chache. Kinachomlisha ni pensheni ya jiko la shule, alikopika mpaka magoti yakagoma.

"Redio inaninunulia soda," anacheka. "Lakini hajatokea mtu hata mmoja aliyenisimamisha dukani kunishukuru kwa maharagwe ya shule."

Sasa jana.

Jana alikuwa anamsoma Fidencio Arredondo, mfuga nyuki, miaka themanini na minane. Huyu hakuwa jina kwenye karatasi. Alikuwa jirani. Eudelia alinunua asali kwake tangu ni bibi harusi, na siku alipomzika mumewe, Fidencio alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza, pembe ya mbele, kulia, bila kubadilishana na mtu. Mzee wa Kihispania kizito. Alikiongea na nyuki, na mbwa, na Mungu. Mtu kama huyo atapaitaje kwao, kama si Wahiyo?

Kwa hiyo Eudelia hakupiga simu. Aliona ni kama kumuuliza mtu jina la mama yake mwenyewe. Akasoma: Fidencio Arredondo, wa Wahiyo.

Kumbe mzee alikuwa akisema Gwajilo. Daima. Hata katikati ya Kihispania chake, jina hilo lilitokea vile, kama jiwe ndani ya maharagwe. Eudelia alikuwa amelisikia mara mia bila kulisikia.

"Mgeni asingekosea hivyo," anasema. "Mgeni angeuliza. Sisi tunaojuana ndio tunaokoseana."

Angeweza kusahihisha leo mchana, yakaisha. Lakini safari hii yupo Adrián Zertuche.

Zertuche ni meneja, kijana wa miaka thelathini na minne, shati limepigwa pasi hata siku ya joto la kuyeyusha lami. Alifika miezi minane iliyopita, kampuni moja ya San Antonio iliponunua redio. Si mtu mbaya. Ameleta mashine mpya ya kupoza hewa, ingawa haijawahi kupoza chumba cha Eudelia. Na ana jambo linalomchoma, lililoanza darasani, ambako walimu walilitafuna jina la ukoo wake mwaka baada ya mwaka mpaka akaacha kuitika.

Jumatatu alibandika kanuni ukutani: jina lolote la Kihispania litatamkwa Kihispania, iwe tangazo ni la lugha gani. Jana alipomsikia Eudelia akisema Wahiyo, alidhani mama amesalimu amri. Akampigia makofi nyuma ya kioo.

Sasa anaingia na kikombe chake, anamkuta Eudelia ameinamia mezani.

"Mama Eudelia! Jana ulisoma kama malaika."

"Jana nilisoma kama mpumbavu, bosi. Leo nasahihisha."

"Unasahihisha nini?"

"Fidencio alikuwa anasema Gwajilo."

Zertuche anaketi pembeni ya meza. Anavuta pumzi kabla ya kujibu, na hasira yake inapokuja haina kelele.

"Mama, nisikilize. Majina yetu yametafunwa miaka mia mbili. Walichukua ardhi, wakachukua na mdomo wa kuitajia ardhi. Leo redio iko mikononi mwetu, sauti ni ya kwetu, halafu tuendelee kuyatafuna wenyewe?"

"Umesema vizuri."

"Basi?"

"Basi hilo liandikie hotuba, nitaisoma kwa furaha. Mimi hapa sisomi mji. Namsoma mtu."

"Hata mwanawe amefurahi! Homero alinipigia jana kutoka barabarani, anatoka Houston, anashukuru. Anasema kwa mara ya kwanza baba yake ameitwa kwa heshima."

Hilo Eudelia hakulijua. Anavua miwani.

"Homero alisema hivyo?"

"Kwa kinywa chake. Sasa, mama, nakuheshimu, lakini kanuni ni kanuni. San Antonio wana msichana mwenye sauti nzuri, anaweza kusoma vifo vya miji sita kwa mkupuo, akarekodi asubuhi akaenda zake. Ukisema Gwajilo leo, Jumatatu nitampa yeye. Sitaki, lakini nitafanya."

"Anapiga simu kwa wafiwa, huyo msichana?"

"Kwa miji sita? Atapigaje?"

Eudelia anavaa miwani. Anajua sasa mzigo umekaa wapi. Akisema Wahiyo, kiti ni chake, na Nelda atamzika baba huku akijua redio imemfanya mtu wa mji mwingine. Akisema Gwajilo, amemtendea haki rafiki, na baada ya hapo hakuna atakayewauliza wafu wa mji huu chochote.

"Kiti changu kwa neno la Fidencio," anasema baadaye, akikumbuka. "Nilijiambia, yule mzee alimbeba mume wangu mpaka kaburini. Mimi ninashindwa kubeba neno moja?"

Hata hivyo hakutaka kusoma bila kumshirikisha mtoto wa marehemu. Mila yake ni kuuliza, na Homero alikuwa hajaulizwa. Saa tano kasoro anampigia. Mkono wake umechoka, kwa hiyo anaiweka simu mezani, sauti ikisikika chumba kizima. Zertuche amesimama mlangoni. Haondoki.

Homero Arredondo anafundisha historia Houston. Simu inamkuta ghalani kwa baba yake, katikati ya mizinga na madebe, anatafuta mkanda wa kumvika mzee.

"Dada Eudelia! Nipo ghalani, natafuta mkanda wa mzee. Ahsante kwa jana."

"Usinishukuru, Homero. Jana nilikosea. Dada yako kanipa vidonge vyangu asubuhi hii."

Debe linaanguka.

"Nelda anataka Gwajilo, najua. Nelda angetaka baba azikwe na ile kofia yake yenye mafuta. Dada, unajua lile neno liliingiaje kinywani mwake? Shuleni. Rula. Mtoto wa miaka saba anasema Wahiyo, anachapwa viganja, anasema Gwajilo, anakaa chini. Ndilo hilo mnalotaka kumsindikiza nalo?"

"Alikusimulia yeye?"

"Hakusimulia. Alikuwa hasimulii kitu. Lakini nani hakuchapwa miaka ile?"

"Inawezekana ni rula," anasema Eudelia. "Inawezekana ni wale Wazungu waliokuwa wananunua asali. Inawezekana alipenda tu linavyolia. Hukumuuliza, nami sikumuuliza, na sasa hajibu. Sikupigii kujua kwa nini. Nakupigia kujua vipi."

"Vipi ni Gwajilo, unajua."

"Nataka uniambie alivyokuwa akipokea simu."

"Nini?"

"Ile simu ya ghalani. Ukutani, nyuma yako hapo. Ikilia, mzee alikuwa anasemaje?"

Mlangoni, Zertuche ameshika kikombe asinywe. Kisha, katika simu, inatoka sauti ambayo si ya mwalimu wa historia. Nzito, ya puani, ya mtu aliyeudhiwa kabla hajaambiwa shida:

"Arredondo, Gwajilo! Asali imekwisha, njoo Mei, na usiniletee chupa chafu!"

Eudelia anacheka, hawezi kujizuia. Upande wa pili Homero naye anacheka, na kicheko kinamponyoka, kinageuka kitu kingine. Wanaomsikia wanamwacha amalize.

"Mungu wangu," anasema hatimaye. "Yuko humu. Mzee yuko humu kooni."

"Yuko."

"Lakini mimi sikubali, dada. Nasema wazi. Lile neno ni jeraha."

"Ni kovu, Homero. Jeraha lilishafunga, tena kabla hujazaliwa. Na kovu ni la mwenyewe. Utamvua mtu kovu ili azikwe mzuri?"

Homero anapenga kamasi, kwa kelele, bila haya.

"Haya. Msome alivyo," anasema. "Ila mimi nikifa, nisome Wahiyo. Umesikia? Wahiyo, kwa lugha zote, na uikaze hiyo h!"

"Nitaikaza mpaka redio ikohoe. Ila fanya haraka, ndugu yangu, mimi nina miaka sitini na mmoja na magoti mabovu."

"Kwenda huko!"

"Tafuta huo mkanda. Uko kwenye msumari nyuma ya mlango, mzee alikuwa hatundiki kitu pengine."

Anakata simu. Zertuche bado yupo mlangoni. Kijana anatazama kanuni yake ukutani, anaondoka.

Saa sita inapofika, Eudelia anavaa spika za masikioni. Bei za ng'ombe zimekwisha. Nyuma ya kioo Zertuche amekunja mikono kifuani. Kidole chake kiko karibu na kitufe kinachoweza kukata matangazo. Eudelia anakiona kidole, anafungua kipaza sauti.

Anaanza kwa Kiingereza, taratibu, kama anavyoanza siku zote, bila kuitia sauti maji wala sukari. Halafu anafanya jambo ambalo katika miaka ishirini na saba hajalifanya.

"Jana nilimsoma Fidencio Arredondo, na sikumsoma yeye. Nilimsoma mtu niliyemdhania. Naomba radhi kwake na kwa watoto wake. Leo namsoma tena."

Jina. Umri. Mke aliyemtangulia. Nelda na Homero, kwa mpangilio wa kuzaliwa. Wajukuu. Mizinga mia moja na kumi, kwa kuwa familia iliomba. Misa saa nane.

"Wa Gwajilo."

Kisha anarudia yote kwa Kihispania, lugha aliyoongea mzee na nyuki wake, na anapofika mwisho hapunguzi mwendo wala haongezi. "Wa Gwajilo." Jiwe ndani ya maharagwe, pale pale lilipokuwa likikaa.

Kidole hakikubonyeza.

Akodioni inapoanza, simu zinaanza nazo. Mwenye duka la matairi anataka kujua kama ni kweli aliomba radhi hewani, maana mkewe hamwamini. Mwanamke wa Kizungu kutoka shamba la mbali anasema amelia na hata hakumjua marehemu. Mzee mmoja, kwa Kihispania, anafoka kwamba ni Wahiyo, kwamba ni aibu, kwamba Eudelia amewauza watu wake.

"Sawa, mzee wangu," Eudelia anamjibu. "Nimekuandika Wahiyo. Una miaka mingapi?"

"Themanini na mbili! Kwa nini?"

"Nauliza tu."

Mzee anaangua kicheko, anamwita jina lisiloandikika gazetini.

Zertuche anaingia.

"Umevunja kanuni, mama."

"Nimevunja."

"Nilikuambia nitafanya nini."

"Uliniambia. Mwanamume ni neno lake, sitakulaumu."

Anabaki amesimama. Shati lake limelowa mgongoni. Halafu anauliza, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichokusudia kununua:

"Yule Homero… alijuaje kufanya ile sauti?"

"Hakujua. Hakuna anayejua mpaka aulizwe." Eudelia anamtazama. "Kwenu yupo aliyekufa, mwanangu?"

"Bibi. Mwaka juzi."

"Alikuwa anapaitaje kwao?"

Zertuche anafungua kinywa. Bibi yake alifua nguo za watu maisha yake yote katika mji mwingine wa jimbo hili, wenye jina jingine la Kihispania lililotafunwa, na kwa namna anavyofumba kinywa tena, bila kutoa neno, Eudelia anajua jibu si lile lililobandikwa ukutani. Hamsukumi.

"Nenda kale," anamwambia. "Maiti wangu ananisubiri kanisani."

Kanisani Nelda na Homero walikaa benchi moja. Nafasi ya mtu mmoja ilibaki katikati yao, lakini benchi lilikuwa moja. Mzee alivikwa mkanda wake, na ile kofia yenye mafuta ililazwa kifuani. Nelda alishinda hilo. Wakati wa kutoa mkono wa pole, Eudelia alipofika mbele yake, Nelda hakusema ahsante. Alimshika mikono yote miwili, akaitikisa kama mtu anayejaribu mlango.

"Leo ulimsoma," akasema.

Jumatatu ilifika. Msichana wa San Antonio hakusikika. Saa sita ilipogonga, mji ulinyamaza, na aliyeuvunja ukimya ni Eudelia. Zertuche hakueleza, naye hakuulizwa. Kanuni bado iko ukutani, isipokuwa chini yake sasa kuna mstari mmoja kwa kalamu: vifo havimo. Kampuni yenyewe haijasema lolote, na inaweza kusema kesho. Eudelia hajidanganyi.

"Nimepewa muda, sijapewa kiti," anasema. "Siku yoyote mtu aliye mbali anaweza kupiga hesabu, nikatoka. Basi nisipoteze huo muda."

Na hapa ndipo anapoonekana mwanamke huyu alivyo kweli: badala ya kulinda kiti, ameanza kutengeneza kitu ambacho hakitamhitaji. Ile sauti ya Fidencio iliyotoka kooni mwa mwanawe haijamwacha alale vizuri. Kwa nini amsubiri mtu afe ndipo aulizie ulimi wake kwa majirani?

Kwa hiyo kila Jumamosi mchana anakwenda na kinasa sauti kwenye ukumbi wa parokia, wazee wanapocheza bingo, na kumwomba kila mmoja aseme jina lake na kwao. Maneno hayo mawili tu, kwa ulimi wake mwenyewe. Siku ikifika, redio itasoma umri na saa ya misa, na mwisho atasikika mwenyewe. Kinasa sauti kimetoka kwa Zertuche, aliyekileta mezani bila kumtazama usoni na kutoa sharti moja: wa Wahiyo nao warekodiwe wote, asiachwe hata mmoja.

"Nilimwambia, mwanangu, hao ndio watakaonisumbua," Eudelia anasema. "Hawataki kusema neno moja. Wanataka kuhutubia."

Lengo lake ni kuwapata wote wenye zaidi ya miaka sabini kabla nyuki hawajarudi kwenye maua mwezi wa tatu. Ameshapata kumi na tisa. Wengine walivaa nguo za misa ili kusema maneno mawili. Mmoja aliomba arudie, akarudia, akasema Gwajilo mara ya kwanza na Wahiyo mara ya pili, na hakuona kwamba kuna tofauti. Eudelia ameyahifadhi yote mawili.

Jumamosi iliyopita alifika kwenye meza ya Wilma Haby, miaka tisini na mitatu, mjane wa mfugaji, mwanamke ambaye mji mzima unamwogopa kwa ulimi na kwa bahati ya bingo. Wilma hakuinua macho kutoka kwenye kadi zake.

"Unataka nini, Eudelia?"

"Jina lako tu, Bi Wilma, na kwenu."

"Ya nini?"

"Ya siku ile."

"Siku ipi?"

"Bi Wilma. Siku ile."

Bibi akageuka. Akamtazama Eudelia kuanzia magoti mabovu mpaka miwani, akakitazama na kinasa sauti chenye taa nyekundu, kisha akakisogelea mpaka pua ikakaribia kukigusa.

"Wilma Haby, Gwajila," alisema, kwa sauti ya kufukuza ng'ombe. "Na siendi popote. Haya, ondoka, unanizibia namba."